Vifuu badala ya kokoto: kisa cha dari moja mtaani Langoni, Lamu

Pendekezo lilikuwa hili: dari iliyooza ya chumba cha chini katika nyumba ya mawe mtaani Langoni ibomolewe, na mahali pake pamwagwe zege lisilo na kokoto hata moja, bali vifuu vya nazi vilivyopondwa. Juu ya dari hiyo mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeirithi nyumba kwa babake, alitaka kujenga ukuta mmoja wa kugawa ghorofa, upande mmoja chumba cha kulala na upande wa pili jiko. Tangi la maji la lita 1,000 lingekaa katikati, karibu na jiko. Kuta za nje za ghorofa zilikuwapo tangu zamani, na paa lingebaki la makuti juu ya nguzo za mikoko.

Wazo si la kupuuzwa, wala aliyelileta si mjinga. Alilileta mpwa wa fundi, kijana anayesomea ujenzi Mombasa, aliyekuwa amesoma habari za maganda ya kokwa za mchikichi. Yale maganda meusi magumu yanayobaki baada ya mawese na kiini kutolewa yamechunguzwa kama badala ya kokoto kwa miongo kadhaa, Nigeria na Malaysia hasa. Huko Sabah, chuo kikuu kilijenga daraja dogo la miguu mwaka 2001 na nyumba ya gharama nafuu mwaka 2003 kwa zege la aina hiyo, zote ndani ya eneo la chuo. Kwa hiyo kijana alipomwambia fundi, "Ami, hili limeshajengwa na watu," alikuwa anasema kweli.

Lamu hatuna michikichi ya kutosha hata kujaza karai moja la maganda. Tuna minazi. Kijana akahamisha hoja kutoka ganda la chikichi hadi kifuu cha nazi, na hapo pia hakukosea sana, kwa sababu India kumefanywa utafiti mzuri wa zege la vifuu. Tatizo lilianza pale fundi alipolichukua wazo likiwa nusu: kila debe la kokoto liondolewe, debe la vifuu liingie, mengine yote yabaki kama alivyozoea. Saruji moja, mchanga mbili, vifuu vinne.

Mwenye nyumba akaniita nitazame kabla hajalipa. Kazi yangu kwa miaka mingi ni nyumba hizi za mawe, na nilienda nikiwa na hamu, kwa sababu ningependa sana kuona kisiwa hiki kikijenga kwa kinachopatikana kisiwani.

Sababu za fundi zilikuwa tatu. Ya kwanza, ukuta ni mzee na hautabeba dari ya kokoto. "Ukuta huu wa chokaa, Bi, ukiutwika zege utakutoka." Ya pili, kokoto ngumu hutoka bara kwa lori mpaka Mokowe, zikapakiwa kwenye mashua, zikashushwa gatini, halafu punda na mikokoteni, na kila hatua ina malipo yake. Ya tatu, vifuu ni taka na ni bure. Nitaanza na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomtia mwenye nyumba hofu, na ndiyo iliyokuwa na kosa kubwa zaidi.

Uzito wa dari ya zamani

Kabla ya kusema ukuta hautabeba nini, ni lazima ujue umebeba nini mpaka leo. Dari za nyumba zetu za kale zilijengwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe zege la chokaa na vipande vya mawe likashindiliwa mpaka likawa sakafu. Boriti haivuki upana mkubwa, ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Hiki cha Langoni kilikuwa na upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 15.6.

Pembeni palipokuwa pamekwisha kuanguka tulipima unene: karibu sentimita 30. Tuchukue uzito wa kilo 1,700 kwa kila mita ya ujazo, ambao ni wa wastani kwa mchanganyiko wa matumbawe na chokaa. Kila mita ya mraba ya dari ile ilikuwa na kilo 510. Chumba kizima, tani 8 kasoro kidogo.

Sasa dari mpya ya zege la kawaida. Kwa upana wa mita 2.6, unene wa sentimita 12.5 unatosha ikiwa vyuma vimewekwa sawasawa. Zege la kokoto lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo kila mita ya mraba itakuwa na kilo 300. Chumba kizima tani 4.7. Ukuta aliouogopa fundi ungepumzishwa zaidi ya tani 3 kwa kuwekewa dari ile ile aliyoiogopa. Zege linaonekana zito kwa sababu tunaliinua kwa karai siku moja likiwa bichi, na jasho linatutoka. Dari ya mababu ilipanda polepole, na sasa hakuna anayekumbuka uzito wake.

Hili halimaanishi kwamba ukuta wa zamani hauna haja ya kukaguliwa. Upande wa uwanja wa ndani lipu ya saruji iliyopakwa miaka ya karibuni ilikuwa imefungia unyevu ndani, chokaa kimekuwa unga nyuma yake, na mawe mawili yalitoka kwa mkono. Hapo ilibidi lipu yote ibanduliwe, ukuta ukauke, na mawe yarudishwe kwa chokaa. Jambo hilo lilikuwa la hatari kuliko swali zima la kokoto na vifuu, na halikuwamo kwenye mazungumzo yao kabisa.

Kifuu ndani ya zege

Kifuu ni kigumu kwelikweli. Ukikiweka kwenye kipimo cha kupondwa ambacho hutumika kwa kokoto, kinapata alama nzuri kuliko mawe mengi, kwa sababu hakivunjiki kwa pigo bali hupinda kidogo na kurudi. Na ni chepesi: debe la lita 20 la kokoto lina kilo 28 au 30, la vifuu vilivyopondwa lina kilo 11 au 12. Zege lake likitengenezwa vizuri huwa na kilo 1,900 hivi kwa mita ya ujazo, na hufikia nguvu ya megapaskali (kipimo cha mgandamizo ambao zege huustahimili kabla ya kupasuka) 20 hadi 27 baada ya siku 28. Kwa zege jepesi la kubeba mzigo, kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni megapaskali 17. Kwa nguvu peke yake, basi, kifuu kinafaulu.

Ila tazama kinafaulu kwa gharama gani. Mchanganyiko uliofikia megapaskali 26 na zaidi kule India ulitumia kilo 510 za saruji kwa kila mita ya ujazo ya zege, pamoja na maji kidogo sana. Hiyo ni mifuko 10 na ushei. Zege la kawaida la moja-mbili-nne hutumia mifuko 6 na nusu hivi. Sababu yake inaonekana ukishika vipande mkononi: kifuu kimepinda, kimoja kinakaa juu ya kingine na kuacha nafasi kubwa katikati, na nafasi hiyo lazima ijazwe na uji wa saruji na mchanga. Tena upande wake wa ndani ni laini, saruji haiushiki vizuri. Zege la vifuu likivunjwa utaona mara nyingi kipande kimebanduka kizima, hakikuvunjika. Nguvu yote inategemea uji uliokizunguka, kwa hiyo uji lazima uwe mzito. Fundi akitia debe kwa debe katika moja-mbili-nne atapata kitu chenye matundu, kitakachobomoka pembeni kwa ukucha.

Halafu kuna maji. Kifuu kikavu hufyonza hadi robo ya uzito wake. Ukikitia kwenye zege kikiwa kikavu, kinayanywa maji yaliyokusudiwa kwa saruji. Zege linakauka mikononi mwa watu, na wao, kama kawaida, wanaongeza maji. Dawa yake inajulikana: vifuu vilowekwe usiku na mchana, vitolewe, viachwe mpaka juu pakauke na ndani pabaki na maji. Vikitiwa hivyo vinasaidia hata baadaye, kwa kuwa maji yale hutoka polepole na kuendelea kuilisha saruji kutoka ndani.

Nilipomuuliza fundi angeloweka wapi, alijibu bila kusita: "Pwani si hapo? Tuvifunge kwenye magunia tuvitie maji."

Jibu hilo lingeiua dari. Chumvi ya bahari inayoingia na kifuu inabaki ndani ya zege, na kazi yake ni kula vyuma. Chuma kikianza kuota kutu kinavimba, zege linapasuka kutoka chini, vipande vinaanza kuwaangukia waliolala. Tunaziona nyumba za namna hiyo kila mtaa wa pwani, na nyingi kati yake ziliharibiwa na mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi, wala hazikuwa na kifuu hata kimoja. Kulowekea vifuu kunataka maji matamu mengi, na maji matamu ya kisiwa hiki yanategemea machuguu ya mchanga ya Shela. Mtu anayehesabu kwamba vifuu ni bure na asihesabu maji hayo hajahesabu.

Pia vifuu vilivyokuwa uani havikuwa safi. Vingine vilikuwa na mabaki ya nazi iliyokauka ndani, vingine na nyuzi za kumbi. Sukari iliyomo kwenye mabaki hayo huchelewesha saruji kushika, na nyuzi huzuia uji usikigandamie kifuu. Kwa maganda ya chikichi taabu huwa ni mafuta, kwetu ni hii. Vyote vinaoshwa, vinakwaruzwa, vinapondwa hadi vipande visizidi milimita 12, vinachekechwa. Hiyo ni kazi ya mikono mingi kwa siku nyingi.

Ukakamavu, na hapa ndipo dari ilipokataa

Nguvu ya kubeba na ukakamavu wa kutopinda ni vitu viwili tofauti, na mafundi wengi hodari hawakufundishwa kuvitenga. Kitu kinaweza kisivunjike na bado kikalegea katikati kiasi cha kupasua lipu, kukusanya maji ya mvua na kutisha waliokaa chini yake. Zege la kokoto lina ukakamavu wa gigapaskali 25 na zaidi (gigapaskali moja ni megapaskali elfu). Zege la maganda ya chikichi limepimwa kati ya 5 na 11, na la vifuu halina sababu ya kuwa mbali na hapo, kwa kuwa kipande chenyewe ndicho kinachopinda. Tuseme theluthi.

Dari ya sentimita 12.5 ya vifuu ingekuwa na kilo 238 kwa mita ya mraba badala ya 300. Huo ndio unafuu ambao fundi aliuona, na ukizidisha kwa chumba kizima unakaribia tani moja. Lakini dari hiyo ingelegea mara tatu kuliko ya kokoto, na zege hili hulegea zaidi kadiri miaka inavyokwenda, na husinyaa zaidi likikauka. Ili irudishiwe ukakamavu uliopotea inabidi iongezwe unene. Kwa hesabu ya haraka, bila kutia mchango wa vyuma, unene unaohitajika ni sentimita 18. Na sentimita 18 za zege la kilo 1,900 ni kilo 342 kwa mita ya mraba.

Dari nyepesi imekuwa nzito kuliko ile nzito.

Nilimwandikia fundi hesabu hiyo kwa mkaa ukutani na akaitazama muda mrefu. Akasema kweli jambo zuri: kwamba yeye hatamwaga 18, atamwaga 15, na dari ikilegea kidogo hakuna atakayejua. Nikakubali tuhesabu 15. Kilo 285 kwa mita ya mraba. Chumba kizima kimepungua kilo 234 tu kulinganisha na dari ya kokoto. Tangi la lita 1,000 likijaa lina kilo 1,000 za maji peke yake. Unafuu wote wa vifuu ungemezwa na robo ya tangi.

Na saruji? Dari ya kokoto ya 12.5 inataka mita 1.95 za ujazo, mifuko 13. Dari ya vifuu ya 15 inataka mita 2.34, mifuko 24. Mifuko 11 zaidi, na kila mmoja umepita njia ile ile ya Mokowe, mashua na punda ambayo tulikuwa tunaikimbia. Vifuu vyenyewe vingekuwa kilo 775 hivi. Kifuu kimoja kikavu kina gramu 100 hadi 150, kwa hiyo tunazungumzia nazi 5,000 kwenda 7,700.

Hapo ndipo ile sababu ya tatu, kwamba ni taka, inapotaka kutazamwa kwa heshima zaidi. Kule kwenye viwanda vya mawese, maganda hurundikwa mahali pamoja kwa wingi, na hata hivyo mengi huchomwa kwenye matanuri ya kiwanda chenyewe au huuzwa nje kama kuni. Kwetu kifuu kimetawanyika jikoni kwa jikoni. Kinawasha jiko la mama anayepika mahamri alfajiri, kinachomwa kuwa makaa, kinafanywa kata na upawa. Ukitoa nazi elfu kadhaa kwenye mzunguko huo, kuna mtu atanunua kuni mahali pake, na kuni hizo zitatoka msituni. Katika kisa hiki mwenye nyumba alikuwa na bahati: ukoo wao una shamba upande wa Kipungani ambako nazi hukaushwa mbata na vifuu vinabaki kwa magunia. Asiye na shamba kama hilo asianze.

Kuna na moto. Kifuu ni kuni, kimefunikwa na saruji lakini ni kuni. Zege lake hupoteza nguvu mapema kuliko la mawe likipata joto kali. Juu ya dari hii kungekuwa na jiko la makaa, na chini yake watoto wamelala. Hoja hiyo peke yake haikutosha kuizuia dari, ila baada ya hesabu ya ukakamavu sikuona sababu ya kuendelea kuibishania.

Mahali pa vifuu

Ningeweza kuishia hapo na kusema hapana, na kijana angerudi Mombasa akiamini wazee wanachukia kipya. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya kwanza. Dari ya mababu, tani 8 kasoro: kilo 7,956 kwa hesabu yangu. Ukuta na msingi vimeishi na mzigo huo vizazi kwa vizazi. Huo ndio mpaka ambao nisingependa kuuvuka bila kuchimba msingi na kuutazama.

Dari mpya ya kokoto ni kilo 4,680. Bado ule ukuta wa kugawa, mita 5 kwa urefu, mita 2.4 kwenda juu, unene sentimita 15. Ukijengwa kwa matofali ya saruji yasiyo na tundu, kilo 2,200 kwa mita ya ujazo, utakuwa na kilo 3,960. Jumla 8,640. Tumeuvuka mpaka. Ukijengwa kwa matofali ya vifuu, tukilenga kilo 1,700 kwa mita ya ujazo, utakuwa na kilo 3,060. Jumla 7,740. Tumebaki ndani yake.

Ukuta wa kugawa haubebi dari, haubebi paa. Unajibeba wenyewe. Hauna vyuma vya kuliwa na kutu. Tofali likisinyaa, linasinyaa uani kabla halijajengwa, na tofali lililopasuka linatupwa. Nguvu ya megapaskali 4 au 5 inatosha kabisa, hivyo saruji haihitaji kufika ile mifuko 10 kwa mita; nilikadiria ukuta mzima utakula mifuko minne hivi zaidi ya matofali ya kawaida, nao mwenye nyumba aliona ni sawa. Vifuu vinavyohitajika ni kilo 540, magunia manane yaliyopondwa, na ya Kipungani yalitosha. Pia zege jepesi halipitishi joto upesi, na aliyewahi kulala ghorofani Lamu mwezi wa Februari, jiko likiwa nyuma ya ukuta, anajua faida hiyo.

Upande wa jiko nilisisitiza lipu ya unene wa sentimita 2 na jiko lisigusane na ukuta. Lipu ni ya chokaa na mchanga, saruji kidogo tu kama fundi hawezi kabisa kuiacha.

Fundi aliuliza swali la haki: kwa nini tusichanganye, nusu kokoto nusu vifuu, kwenye dari? Inawezekana. Ukakamavu unapanda, saruji inapungua. Lakini unahitaji kupima kila mchanganyiko upya, na uzito unaookoa unapungua nao. Kwa chumba cha mita 2.6 hakuna faida ya kutosha kulipia taabu hiyo. Kwa nyumba nyingine, penye ghorofa mpya juu ya udongo dhaifu, ningeijaribu.

Kwa kokoto za dari nilikataa pia zile zinazopondwa kwa mikono Maweni, kisiwani Manda, ingawa ni rahisi na ningependa wale wanaozipondea wapate kazi. Ni matumbawe ya kale, yana vinyweleo vingi na hufyonza maji, na yaliyo karibu na bahari huwa na chumvi. Yanafaa kwa jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, lisilo na chuma, njia za uani na kujazia. Dari iliyo juu ya vichwa vya watu ipate kokoto ngumu kutoka bara, na vyuma vifunikwe na zege si chini ya sentimita 3, afadhali 4 kwa hewa yetu ya chumvi.

Boriti je? Niliuliza, kwa sababu katika nyumba ya namna hii dari ya boriti na chokaa ndiyo inayoelewana na ukuta. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mabadiliko ya nyumba za mawe yanahitaji kuonwa na watu wa Makumbusho ya Taifa mbali na kibali cha kaunti. Mwenye nyumba alikuwa ameshazungumza nao kuhusu sehemu hii, ambayo dari yake ilikwisha kubadilishwa nusu kwa mbao na mabati zamani. Boriti nene na zilizonyooka hazipatikani kama zamani, na kukata mikoko ni kwa leseni. Vyumba viwili vya mbele, ambavyo dari zake bado ni nzima, tumekubaliana visiguswe ila kwa boriti na chokaa.

Kazi ilivyopangwa

Kijana ndiye aliyepewa jukumu la matofali, nami nilifurahi. Kwanza atamwaga michemraba ya majaribio ya sentimita 15. Mchemraba wa kokoto wa ukubwa huo una kilo 8.1. Wa vifuu, kwa lengo letu, uwe na kilo 5.7 hivi, ukizidi 6.2 ameweka mchanga mwingi mno na ukuta utatuvusha mpaka. Mizani ya duka la nafaka inatosha kwa hilo. Kwa nguvu, itabidi apeleke mitatu maabara Mombasa ikifika siku 28. Kwa megapaskali 5, mashine isome kilonewtoni 112.5 na zaidi, ndicho kipimo cha nguvu inayoukandamiza, kabla mchemraba haujapasuka.

Matofali yakitoka kwenye kalibu yafunikwe magunia yaliyolowa siku 7, chini ya kivuli, kwa maji matamu. Zege hili linaadhibu uvivu wa kumwagilia kuliko la kokoto, na upepo wa kaskazi hukausha uso wa tofali kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo yakae uani wiki tatu nyingine yamalize kusinyaa ndipo yajengwe.

Tangi halitakaa juu ya dari. Kilo 1,000 juu ya mita moja ya mraba ni zaidi ya mara sita ya mzigo wa kilo 150 ambao dari ya kulala huhesabiwa, na hakuna zege, la kokoto wala la vifuu, linalopaswa kutwishwa hivyo katikati ya chumba. Limehamishiwa pembe ya nyuma, juu ya mihimili miwili mifupi inayokaa kwenye kuta mbili nene zinazokutana, na pembe hiyo ndiyo tutakayoifukua msingi kwanza kuuona ulivyo. Fundi amekubali kutoa nguzo za kushikilia dari baada ya siku 21 badala ya 10 alizozoea, na mwenye nyumba ameahirisha kununua kokoto mpaka ule ukuta wa uani uliokuwa na unyevu uwe umekauka.